Udongo Mweupe wa Mama Kapya

Élisabethville, tarehe 18 Juni 1953

Mama yangu mpendwa, Mama Agnès,

Pokea salamu za mwanao kwa mikono miwili, kama vile ningekuwa nimepiga magoti mbele ya mlango wako huko Ankoro. Nauliza afya yako. Kile kifua cha wakati wa mvua kimetulia? Unakula? Unalala? Namsalimu pia mwalimu Clément anayekusomea barua hii, na namwomba, kama mama anakohoa, aandike kwamba anakohoa, asinifichie kwa ajili ya adabu. Nitauliza tena kabla sijamaliza, na hapo mtaelewa kwa nini.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi ya Juni imeingia, maji ya bomba asubuhi yanauma meno. Delphine anakusalimu sana, na watoto wanamtaja bibi yao kila wanapogombana, kila mmoja akisema atakuja kukushitakia mwenzake. Samaki wakavu uliotutumia kwa treni walifika salama. Delphine aliwapika kwa sombe ya majani ya mihogo, harufu ikajaa nyumba nzima, nami nikaenda kufunga dirisha ili jirani yetu, karani wa ofisi ya ardhi, asijue kwamba leo tunakula kwa mikono. Cheka, Mama, una haki. Ndivyo mwanao alivyokuwa.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba naomba ile karti wanayopewa Waafrika waliostaarabika. Basi mabwana wawili wa komisheni walikuja nyumbani, wakafungua kabati, wakatazama vyoo, wakapima mashuka kwa vidole. Walimwuliza Delphine kama anakula mezani pamoja na mume wake. Akajibu kwamba ndiyo. Kweli alikuwa amekula mezani nami, tangu jana yake. Ilibaki barua moja tu ya sifa, kutoka kwa jaji wa tribinali ninapofanya kazi.

Sasa nikupe habari ya kesi moja ambayo mji mzima wa wenyeji unaizungumza. Yuko mtu anaitwa Kalaba, mshonaji, mzaliwa wa upande wa Kinsevere. Alikuwa anashona kwenye baraza ya duka la Mgriki mmoja. Siku moja mwezi wa Agosti mwaka jana mashini ya kushona ya yule Mgriki ilipotea. Wakamkamata Kalaba, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiitumia. Walimweka kwa polisi siku nne bila chakula cha maana, na siku ya tano ikatoka karatasi ya Kifaransa inayosema amekiri, na chini yake alama ya kidole gumba chake. Kalaba hajui kusoma hata jina lake. Mashini yenyewe haijaonekana mpaka leo.

Septemba akaletwa mbele ya jaji. Mama yake, mama Kapya, mjane anayelima mihogo pembeni mwa mji, alikuwa amempaka pemba pale mlangoni, ule udongo mweupe, toka mabegani mpaka kwenye viganja. Sina haja ya kukueleza wewe maana yake. Kwa watu wa huku ni kama kwetu: anayekwenda barazani na moyo safi, mama yake humpaka pemba, na kama mtoto amedanganya, udongo haumwui yeye, unamwua aliyempaka. Ndiyo maana mwivi hakubali kupakwa. Ni kiapo kikubwa kuliko kile cha kuinua mkono.

Jaji alipomwona akauliza ni uchafu gani ule. Kalaba akajibu vizuri, kwa sauti ya kusikika, akimtazama jaji usoni: “Mama yangu njo alinipakala pemba. Kama miye njo mwivi, yeye atakufa. Njo ile nasema, sina ingine.” Tuko wakalimani watatu pale tribinali, na mmoja wetu ndiye aliyesimama siku ile. Mkalimani hakutafsiri hivyo. Alimwambia jaji kwamba mshitakiwa anasema ni dawa ya kijijini. Jaji akauliza ni dawa ya kufanya nini. Mkalimani, bila kumrudia Kalaba, akasema watu hawa wa porini hujipaka ili mashahidi wasahau waliyoyaona. Jaji akatikisa kichwa, karani akaandika.

Katika hukumu vikatajwa vitu viwili tu: ile karatasi yenye kidole gumba, na ule udongo. Jaji alisema mtu asiye na hatia hahitaji kuja na uchawi wa kuziba vinywa vya mashahidi. Akampa miaka miwili. Mama Kapya alikuwa nje, dirishani. Hajui Kifaransa, lakini aliona mwanawe anafungwa kamba, akajitazama mikono yake ambayo bado ilikuwa na weupe.

Alikufa mwezi wa Februari. Daktari alisema mapafu. Lakini wewe unajua vijiji, na mtaa wa wenyeji ni kijiji chenye bomba la maji. Watu wote walisema: pemba imemla mama yake, basi Kalaba ni mwivi kweli. Dada za marehemu hawakutaka jina la Kalaba litajwe kwenye kilio. Habari ikamfikia gerezani kupitia mfungwa mwenzake, na nimeambiwa kwamba tangu siku ile hakusema tena kwamba hakuiba. Yeye mwenyewe alianza kujiuliza kama labda aliiba bila kujua.

Ikatokea kwamba avokati mmoja kijana, wakili mgeni kutoka Ubelgiji, alipewa kesi hiyo ipelekwe kwenye tribinali ya rufaa. Nilidhani ni desturi tu ya kujaza makaratasi. Lakini yule kijana alisimama mbele ya majaji watatu akasema kwamba karatasi aliyoandikiwa mtu mwenye njaa, kwa lugha asiyoijua, haiwezi kuitwa ungamo, na kwamba hakuna aliyeapa na kueleza ule udongo ni nini, basi haufai kuwekwa kwenye mizani. Halafu akaomba mkalimani wa kesi ya kwanza aitwe. Mkuu wa majaji akamwuliza swali moja, polepole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango: yale maneno ya kusahaulisha mashahidi, aliyasema mshitakiwa au uliyasema wewe?

Mkalimani akajibu kwamba hakumbuki vizuri.

Majaji wakaandika kwamba, kwa kuwa haijulikani maneno yale yalitoka kwa nani, yafutwe, na ile karatasi ifutwe pia. Jumatatu ya wiki hii wakamwachilia Kalaba, kwa sababu ushahidi hautoshi. Hawakusema kwamba hana hatia. Mtaani watu wanasema: wazungu wamemfungua kwa karatasi zao, lakini kaburi la mama yake halifutwi.

Mwalimu Clément, nakuomba sana, kuanzia hapa usome neno kwa neno. Usilainishe, usiruke, hata kama mama atakuambia unyamaze. Mimi najua mtu anayesimama katikati ya wawili anaweza kufanya nini.

Mama, mkalimani yule ni mimi.

Nimezunguka karatasi nzima nikimwita “mkalimani” kana kwamba ni mtu wa nyumba nyingine. Ni mimi, Edouard, niliyenyonya kwako. Sikukosa kusikia, na maneno ya Kalaba sikukosa kuyaelewa. Nilielewa kila neno. Nilipouona ule udongo mikononi mwake nilikukumbuka wewe kwenye stesheni, siku nilipoletwa huku kuanza kazi ya tribinali, ulivyonipaka mikono yote miwili mbele ya watu, ukasema ulimi wangu usije ukamfunga mtu asiye na kosa. Na nilivyoingia kwenye behewa nikajifuta kwa leso kabla treni haijaondoka. Hilo nalo sikuwahi kukuambia.

Kwa nini nilifanya? Hakunihonga mtu, na Kalaba hakuwa adui yangu. Jaji aliuliza akinitazama mimi, si yeye, na komisheni ilikuwa imetoka nyumbani kwangu siku tatu kabla. Niliona kwamba nikieleza pemba vizuri, kama mtu anayeiamini, atajua kwamba ndani ya suti kuna mtoto wa Ankoro. Nikataka aone ninavyoicheka. Barua ya sifa ilikuja wiki ile ile. Imeandikwa kwamba mimi ni mtu aliyeachana na mambo ya kishenzi.

Na mbele ya majaji watatu nilipewa nafasi ya pili, Mama, mlango umefunguliwa kabisa, nikasema sikumbuki. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile uliweza kumvunja mtu mifupa.

Yaliyonifanya nikuandikie ni ya jana. Nilikwenda kwa Kalaba kumwambia. Niliapa njiani kwamba nitasema kabla sijakaa. Nikamkuta peke yake uani, amekonda, anapiga pasi nguo ya jirani. Aliponiona aliacha pasi, akapiga magoti, akanipigia makofi yale ya heshima. Gerezani walimwambia kwamba mkalimani aliitwa mbele ya majaji wakubwa, akasema maneno machache, na baada ya hapo wakamfungua. Akaamini kwamba nilimsemea. Akaniambia: “Beko bantu bengi, baba. Weye tu njo ulinisaidia.” Akaingia ndani akatoka na kipande cha udongo alichokiacha mama Kapya, akanikunjia mikono ya shati, akanipaka. Nami nilisimama, nikanyoosha mikono, nikapakwa, nikasema asante.

Nimerudi nyumbani na shati la mikono mirefu. Sijanawa. Delphine ameona.

Mwalimu Clément atasema kwamba haya ni mambo ya kipagani, na mimi mwenyewe nimesoma misheni miaka sita. Lakini hofu yangu haikubatizwa. Mtaa unasema pemba ilimla mama Kapya kwa sababu kulikuwa na mwongo mbele ya jaji. Mwongo alikuwepo kweli. Ila hakuwa mwanawe. Alikuwa mwanao, na yeye pia alipakwa na mama yake.

Jumapili wanamaliza kilio cha mama Kapya. Dada zake watakuwepo, na mtaa wote. Nitasimama mbele yao na mikono hii, nitawaambia Kalaba alisema nini siku ile na mimi nilisema nini, kwa lugha yao, ili asibaki mtu wa kumwita mwivi. Jumatatu nitampelekea mkuu wa majaji maandishi hayo hayo kwa Kifaransa. Kazi itakwisha, karti haitakuja, na huenda nami nikafungwa, maana mkalimani huapa kutafsiri kweli, nami niliapa. Ukisikia hivyo, usimruhusu mtu aseme kwamba nimerogwa.

Msalimie mjomba Anaclet, msalimie shangazi Angélique na watoto wake, waambie wote wa nyumbani kwamba nawakumbuka. Delphine na wajukuu wako wanakuinamia. Mimi sithubutu kuomba baraka yako mara hii.

Bali nauliza tena, Mama, kama nilivyosema: kile kifua kimetulia? Mwalimu, tafadhali jibu kwa treni ya kwanza. Usiandike barua ndefu. Niandikie kwamba mama ni mzima, kama ni kweli.

Ni mimi mwanao mwenye aibu,

Edouard Mumba