Kopo Hili Usilifungie Kabatini

Al Warqa, Dubai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naomba barua hii ikukute umeshakunywa chai yako ya asubuhi, goti limetulia, na huna wa kugombana naye zaidi ya kuku wa jirani. Mimi mwanao ni mzima wa afya. Nakula, nalala, na usimsikilize Zuhura anayesema kwenye picha nimekonda. Ni ile simu yake.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Mama, wewe kwenye simu hukai. "Haya mwanangu, usimalize vocha, kwaheri," nikivuta pumzi umeshakata. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Kwa hiyo nimempa barua Mwanaidi, yule rafiki yangu wa Pangani anayekaa Al Muraqqabat, anakuja nyumbani likizo. Amebeba na kopo la biskuti. Zuhura atakusomea. Zuhura mdogo wangu, usiruke mistari, nakujua.

Hilo kopo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Zuhura amenieleza kila kitu, Mama. Zile shuka nilizotuma, vile vikombe vya maua, manukato, hata tende, vyote umevifungia kabatini na ufunguo umeufunga kwenye pindo la kanga. Ukiulizwa unajibu, "Ni vya Saumu. Siku atakayorudi tutavifungua." Ukizidi kuulizwa, unasema akiba haiozi. Chai unaendelea kunywea kile kikombe cha bati kilichobonyea. Kwanza nilicheka. Halafu mwezi huu yakanipata ya kunipata, kicheko kikaisha.

Madam wangu, kama unavyojua, ni mtu wa Nyuzilandi, huko mbali kuipita Australia. Mama yake mzazi amekuja kumtembelea. Ni mtu mzima kukuzidi wewe, kafupi, mkali wa macho, na vidole vimepinda kwa baridi yabisi hata kikombe anakishika kwa mikono miwili. Mimi namwita Bibi. Watu wao wana siku moja mwezi wa Aprili wanayowakumbuka askari wao waliofia vitani, na siku hiyo wanaoka biskuti za oti. Oti ni nafaka ya uji wao, Mama, ukiiona utadhani pumba za kuku, lakini ina utamu wake. Bibi ameoka kila mwaka tangu usichana wake, na mwaka huu vidole vimekataa.

Madam akamwambia, "Mama, usijisumbue, nitanunua dukani." Loo! Kama kamtukana. Bibi akageuzia uso ukutani, chai haitaki, chakula hakitaki. Nilimwonea huruma kweli. Nikamwendea, nikasema, "Bibi, wewe sema tu, nitafanya mimi. Mikono ninayo."

Akanitazama juu mpaka chini. "Umewahi kuoka?"

Nikamwambia kwetu Tanga tunaoka mkate wa kumimina kwa makaa chini na makaa juu, sembuse jiko la kubonyeza kitufe! Akacheka kidogo, akaomba asogezewe kiti jikoni.

Basi yeye anasema, mimi natenda. Oti, unga wa ngano, sukari, na nazi kavu. Nilipoiona nazi nilifurahi kama nimekutana na ndugu. Siagi inayeyushwa pamoja na asali nzito ya miwa, halafu unamimina soda ya kupikia iliyokorogwa na maji ya moto. Povu linapanda sufuriani, Bibi anapiga meza, "Yalla, yalla, lisishuke!" Hiyo yalla, yaani haraka, kafundishwa na wajukuu, siku ya pili tu alikuwa anaitumia kunishinda mimi.

Nangoja sasa aseme mayai. Hasemi. Nikauliza, "Mayai mangapi, Bibi?"

"Hakuna mayai."

Mama, biskuti gani haina yai? Nikajisemea, masikini, uzee huu, kasahau. Watu watakuja kula, zitawavunjikia mkononi, waseme Saumu hajui kupika. Alipoinuka kwenda msalani nikavunja mayai mawili chapuchapu, maganda nikayafukia kwenye taka. Na mkono si ulishazoea, ukatia na iliki.

Ya kwanza kutoka jikoni aliipeleka puani. Akasita. "Hii harufu ya nini?" Yai lilinyamaza, Mama, iliki ndiyo iliyonitaja. Akang'ata, akatafuna polepole, akasema, "Na umetia yai." Nikaomba radhi, nikijua sasa ataitwa madam na mimi khalas, kazi imekwisha. Hakufoka. Alisema, "Kaa chini nikueleze."

Baba yake Bibi alikuwa na kaka mkubwa, kijana wa shamba, akaenda kupigana ng'ambo kwenye ile vita kuu ya zamani. Mama yao akawa anamwokea biskuti hizi, anazifunga kwenye kopo, anazituma kwa meli. Meli ilikuwa inachukua muda mrefu baharini, na akina mama wale hawakutaka kitu cha kuoza njiani, ndiyo maana yai halitiwi. Zilikuwa zinafika, na kijana anaandika kwamba amekula na wenzake. Kopo la mwisho likarudi. Lilirudi limefungwa vilevile, kamba yake haikuguswa. Hapo ndipo yule mama alipojua kwamba mwanawe hayupo tena.

"Alipolifungua," Bibi akasema, "biskuti zilikuwa nzima. Hilo ndilo lililomuuma mpaka anakufa. Zilikuwa nzima kabisa."

Nililia, Mama, wala sikujificha.

Zile za mayai tulizila wenyewe, na madam ndiye aliyezimaliza akisema hajala tamu kama hizo. Bibi akamtolea macho. Tukaanza upya, safari hii nikafuata kila neno, na zilipopoa Bibi akazigonga moja moja mezani, akatikisa kichwa kuridhika.

Siku yenyewe, nikiwa nimeshaswali alfajiri, tulikwenda kwenye bustani ya jirani ambapo watu wa kwao walikuwa wamekusanyika. Walisimama kimya, watoto pia, hakuna aliyeshika simu. Kisha wakataja majina ya wafu wao. Wengine walitaja watu waliokufa kabla babu zao hawajaoa! Bibi akamtaja baba yake mkubwa. Ndipo chai ikaletwa na trei yangu ikapita. Nikasema moyoni, kumbe hii ni hitima. Sisi tuna pilau, wao wana biskuti. Niliwaheshimu mno, Mama, mtu anayemkumbuka ndugu ambaye hajawahi kumwona hata sura si mtu wa kuchezea.

Mzee mmoja akamsifu Bibi kwa biskuti. Bibi akanishika mkono kwa vidole vyake vile, akauinua. "Mwaka huu nimeoka kwa mikono hii. Anaitwa Saumu." Miaka yote niliyokaa Dubai sijawahi kutajwa jina mbele ya wageni. Niliona fahari, na nilitamani ungekuwepo.

Jioni akaniuliza kama nina mama. Nikamwambia ninaye, na nikamsimulia habari za kabati lako. Nilidhani atacheka. Akanishika bega, akasema, "Muokee kopo lake. Na ile iliki yako tia, iliki haiozi." Maneno yako yaleyale, Mama, na hajawahi kukuona!

Nisalimie mjomba mshona viatu, mwambie saizi yangu bado ni ileile. Nisalimie shangazi wa Ngamiani na mke wa kaka aliyejifungua, nimwone huyo mtoto kabla hajaanza kutembea. Msalimie na jirani mwenye kuku, mwombe radhi kwa ugomvi wako na kuku wake.

Sasa sikiliza, Mama. Akiba haiozi, kweli, na biskuti hizi ukizifungia zitakaa siku nyingi zikiwa nzima. Hilo ndilo ninaloliogopa. Kopo lililobaki limefungwa lilikuwa la kijana asiyerudi. Mimi ni mzima, na mkataba ukiisha nitakuja inshallah. Fungua hilo pindo la kanga, toa vikombe vya maua, chemsha chai, ule biskuti mbele ya Mwanaidi anionee kwa macho yake. Akiondoka, mpe kopo anirudishie. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hiki, nakuomba sana Mama, nirudishie kitupu.

Anayekupenda na kukuombea,
mwanao Saumu