Faili Ghafi la Mlango wa Ghala

Jumatatu, 3 Machi

Mpwa wangu, binti wa marehemu kaka, ameteka sebule kwa kompyuta yake. Anaingiza picha zangu zote za miaka ya gazeti kwenye katalogi, Ijumaa diski ichukuliwe na makumbusho. "Elfu arobaini, Shangazi! Ulikuwa unapiga picha au unapepeta mchele?" Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Daktari kasema zimebaki wiki. Hakusema ngapi.

Jumanne, 4 Machi

Diski imejaa. Mpwa kakaa ukingoni mwa kitanda, akanieleza kana kwamba si mimi niliyezipiga. Kamera iliandika kila picha mara mbili: faili ghafi, zito, lenye kila kilichoingia kwenye lenzi, na JPEG, jepesi, la kupeleka gazetini. Majina yanafanana, kwa hiyo programu inayafunga jozi na kuonyesha JPEG tu. Ghafi linakaa nyuma, halionekani. Anataka kufuta mafaili ghafi yote. Mwaka kwa mwaka, kuanzia wa kwanza. Au nina neno?

Sina, nimesema. Sina neno!

Jumatano, 5 Machi

Ninalo. Naliandika kwa kuwa mdomoni linakwama.

Ni picha ya moto wa ghala, ile iliyonipa tuzo. Mlango wa chuma, kufuli, moshi unatoka chini, hakuna mtu. Ndani walikufa wapakiaji tisa. Watu walilia wakiitazama.

Mtu alikuwepo. Mlinzi, upande wa kushoto, kainua nondo anapiga kufuli, shati linawaka begani. Nilimkata. Bila yeye mlango ulikuwa mpweke zaidi — picha nzuri zaidi. Nikahifadhi JPEG juu ya ile ya mwanzo, kwa jina lile lile. Dakika mbili, basi.

Fomu ya tuzo iliuliza kama picha imekatwa. Nikaandika: hapana. Kisha tume ya uchunguzi ikaniita. Mlinzi alikuwa ameapa kwamba hakukimbia. Mwenyekiti akaniuliza kama ninayo picha nyingine ya mlango ule. Mlinzi alikaa hatua tatu kutoka kwangu, bega limefungwa bendeji. Akanitazama kwa matumaini — aliniona nikipiga! Lakini tuzo ilikuwa imeshatangazwa. Nikasema: ni hiyo tu.

Mlinzi akafungwa miaka saba jela.

Kwa nini sikulifuta ghafi? Kila mwaka nilisema kesho. Sasa mwingine atanifutia, wala hajui. Nikinyamaza siku mbili tu, nakufa msafi.

Alhamisi, 6 Machi

Mpwa karudi kutoka mjini, viatu vimeshonwa. Nikamuuliza nani kashona. Ni yule wanayemwita Mtoro, wa kona ya posta. Mzee mpole, fundi hasa, ila ndiye mlinzi aliyewaacha watu waungue ghalani, eti. Anasema hivyo huku anajaribu kisigino!

Nikaomba maji.

Jioni amebakiza miaka miwili afike kwenye moto.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu asubuhi. Gari la makumbusho litakuja saa sita. Nasikia kipanya: bofya, bofya. Kila mwaka anaoumaliza anautangaza kama bao la mpira.

Nimemwita. Kaja mbio akidhani ni maumivu. Nikasema mto umeteleza. Kauweka sawa, kanibusu kwenye paji la uso, karudi sebuleni. Mwoga mimi!

Saa nne na robo. Kipanya kimenyamaza.

"Shangazi? Hii ya tuzo imenigomea. Ghafi ni pana kuliko JPEG, vipimo havilingani. Kuna mtu pembeni, kashika chuma. Nadhani kamera ilichanganya majina. Nifute tu?"

Hajamtambua. Nikisema ndiyo, yamekwisha. Neno moja!

Anauliza tena. Naandika. Nasikia kiti, kisha ndala zake. Yuko mlangoni, kompyuta mikononi, skrini imenielekea — na bega lile linawaka.

"Shangazi, mbona unaandika tu? Nifute, nisifute?"

Nimesema: ngoja.

Kavuta kigoda, kakaa. Kompyuta iko mapajani, kidole bado kiko juu ya kitufe. Anaitazama sura ya yule mtu, ananitazama mimi. Hacheki. Anasema niweke kalamu chini, nimwambie huyu ni nani. Naiweka.