Goti Langu Linatangulia Njinjo

Kwa mdogo wangu Selemani,

Pokea salamu za kaka yako, ambaye tangu mvua zilizopita hajapata mtu wa kusema naye Kimatumbi. Hujambo? Mama kifua kimempa nafuu? Na paa umekwisha kuliezeka, au bado mnalala mkitazama nyota? Mimi ni mzima, kadiri anavyoweza kuwa mzima mtu aliyepunguzwa.

Yule mchuuzi wa Tingi amenifikishia maneno yako. Anasema umesikia kwamba akida anarudi na meli, na panga umelinoa mpaka linanyoa ndevu. Liweke chini, Selemani. Usidhani nimelainika. Mguu umekatwa, hasira wameiacha pale pale. Isome barua hii mpaka mwisho, na mama umsomee pia, ila pale pa kukatwa upite haraka haraka.

Siku ile mambo yalipotufika, wewe na mama mlikuwa mmejificha porini, kwa hiyo hukuona. Mimi niliona. Akida alisimama mbele ya Bwana Mkubwa wa Kijerumani, akamnyooshea baba kidole, akasema, "Huyu kanywa maji ya vita, na mwanawe pia." Baba alikuwa hata hajatoka kijijini. Kosa lake ni kwamba siku ya Idi alikataa kwenda kulima shamba la pamba la akida. Walimnyonga kabla ya adhuhuri. Mimi nikafungwa mnyororo, nikaletwa huku Dar es Salaam kuvunja mawe. Jina la akida sitaliandika, sitaki kuchafua karatasi.

Pingu ilinila kifundo cha mguu mpaka pakaoza. Nilipopelekwa hospitali wayo wote ulikuwa mweusi. Daktari Mjerumani akaninusisha dawa ya kulevya, na nilipozinduka mguu haupo, umekatwa juu ya goti. Goti lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Nililia kidogo, kisha nikaomba nipewe mguu wangu niuzike, maana sisi kiungo cha mtu hatukitupi kama maganda ya muhogo.

Aliyeniletea ni Feruzi, Mmanyema anayehudumia wagonjwa na kuosha maiti, mtu mwema sana. Ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe. Nikaupapasa. Nikakuta wayo, nikakuta muundi, nikakuta kipande cha paja. Katikati hapana kitu.

"Feruzi, mguu huu mfupi. Goti liko wapi?"

"Zika ulichopewa, ndugu yangu."

"Sitazika nusu."

Akaangalia chini, kisha akanieleza. Wodi ya pili kulikuwa na mkubwa mmoja kutoka Kilwa, kaangukiwa na robota la pamba ghalani, goti likasagika. Daktari huyu anajaribu mambo mapya wanayofanya kwao Ulaya. Alimkata pale palipovunjika, akaweka mifupa ya goti langu pamoja na gegedu lake, lile jeupe linaloteleza, akaishikiza kwa vijiti vya pembe ya ndovu. Nikauliza mkubwa huyo ni nani. Alipolitaja jina, lile lile nisilotaka kuliandika, nilicheka, Selemani. Nilicheka mpaka kidonda kikatoa damu, na Feruzi akadhani nimeingiwa na wazimu.

"Mbona hawakuniuliza?"

"Tangu lini hawa wakauliza?"

Mguu niliuzika nyuma ya hospitali. Ndani ya sanda, pale pa goti, niliacha nafasi.

Nikangoja. Goti likashikana na mwili wake. Akaanza kusimama, akaanza kutembea na mkongojo, na watu wakampa habari ya alichobeba. Akaniita. Nilikwenda na magongo yangu, nikasimama mlangoni. Shikamoo sikumpa.

"Mwanangu," akasema, eti mwanangu! "Nimeambiwa kilichomo mguuni mwangu. Mimi sikujua, wallahi. Nipe radhi. Nikifa nitazikwa na kiungo cha mtu mwingine, nitamjibu nini Mola wangu?"

"Mjibu kama ulivyomjibu Bwana Mkubwa kuhusu baba yangu."

"Vilikuwa vita, mwanangu."

"Basi ukifika kwetu Njinjo simama mbele ya watu, useme baba yangu Hamisi hakunywa maji, ulimsingizia. Ukisema hivyo goti ni lako, halali, duniani na akhera."

Akatazama mlangoni, alipokuwa amekaa askari. Akanong'ona, "Serikali itaninyonga mimi."

"Basi tembea nalo hivyo hivyo."

Akalia. Mtu mzima yule, ndevu zimemlowa. Nami nilifurahi. Sioni haya kukwambia, nilifurahi kuliko siku nilipofunguliwa mnyororo.

Sasa unaona kwa nini nasema uliweke panga. Ukimuua, yeye atapumzika na wewe utanyongwa, na mama atabaki na nani? Tena ukimkata mguu ule utakuwa umenikata mimi mara ya pili. Mwache aishi sana. Ila ukikutana naye, yeye usimsalimie. Inama, litazame goti, useme kwa adabu, "Shikamoo, goti la kaka," kisha uende zako. Wafundishe na wanawake wa kisimani. Msikitini simama safu moja naye, ili kila akisujudu akumbuke ni goti la nani linalogusa mkeka. Akichoka, akasema ukweli wa baba hadharani, niletee habari nami nitamwachia. Nimeahidi, ingawa moyo unakataa.

Asiposema, ipo siku atalazwa kwenye jeneza, na imamu atauliza kama kuna mtu anayemdai marehemu. Siku hiyo nakutaka uwe hai, Selemani. Simama mbele ya wote, useme, "Sisi tunamdai. Tunadai goti." Wakikuuliza limefikaje kwake, anza na kifo cha baba, uwasimulie yote.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nakula vizuri. Msalimie shangazi aliyewaficha kule porini, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mwambie mwandiko wangu umeharibika kwa kuvunja mawe. Mkeo namsalimu ingawa hatujaonana. Meli ya akida inaondoka kesho. Mimi bado nimefungwa kwao kwa kazi ya kufua bendeji, sijui wataniachia lini.

Ndimi kaka yako Mfaume, ambaye goti lake litafika nyumbani kabla yake.