Asali Iliyoishia Langoni

Zakaria wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Hapa kwetu Ruiru amani wanaitaja kwenye mimbari tu.

Handaki lililozunguka kijiji tumeanza kulifukia. Sisi wanawake ndio tulilichimba, homgadi, wale walinzi wa serikali, wakitusimamia na fimbo, na ni sisi tena tunalifukia. Nilipofika karibu na lango, pale ulipoangukia, jembe likanishinda. Wakaniambia, "Wanjiku, songa, unazuia wenzako." Nikasonga.

Bado nawaza juu ya ile asali. Baba alitaka pombe ya asali, kama ilivyo desturi yetu ya posa, na wewe uliyeokoka hukutaka mkono wako uguse pombe. Ukasema, "Nitamletea mzee asali mbichi. Akitaka kuipika pombe, hiyo ni yake na Mungu wake." Wazee walicheka mpaka wakakohoa: "Haiya! Huyu Mluhya anaposa nyuki?" Lakini baba alikuwa amelainika, nilimwona. Akasema uilete Jumamosi.

Ukatoka kule Thika kwenye matimbo ya mawe, kibuyu begani, mchana kweupe. Siku hizo za Hali ya Hatari chakula chochote kilichobebwa kilidhaniwa ni cha wapiganaji wa msituni. Homgadi wa lango akauliza asali ni ya nani. Ukajibu, "Ya mkwe wangu." Akasema, "Mkwe wako yuko msituni?" Ukacheka, ukapita. Ulidhani kila mtu ana mzaha kama wako. Akakupiga risasi.

Baadaye afisa alisema yalikuwa makosa. Makosa! Kama mtu aliyemwaga chai.

Na hata kulia nilinyimwa, Zakaria. Mchungaji akasema matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yamebakiza Jumapili moja, kwa hiyo mimi si mjane. Baba akasema asali haikuingia nyumbani, kwa hiyo hapakuwa na posa. Ndugu zako walipokuja kuchukua mwili kuupeleka kwenu Maragoli, waliuliza mke wako ni nani. Watu wakaangalia chini. Nami Mkikuyu bila pasi ya kusafiri, ningekwenda wapi? Nikabaki nimeshika seng'enge, lori likiondoka nawe.

Na yule homgadi wa lango? Siku hizi ameokoka. Anakaa benchi la mbele, anapitisha sahani ya sadaka. Juzi alisimama akatubu, watu wakaimba, halafu wote wakageuka kuniangalia mimi, niende nimkumbatie. Sikwenda. Mama mmoja akaninong'oneza, "Dada, usizuie baraka." Nimemwambia Mungu ukweli: sijasamehe. Nikisema nimesamehe nitakuwa nimemdanganya Yeye pia. Hakunijibu, lakini hakunifukuza.

Nakukosa katika vitu vidogo. Wewe uliyefiwa na mke, mimi niliyechelewa kuolewa hata shangazi zangu wakachoka kuniombea, tulikuwa tukikaa nyuma ya kanisa na Biblia moja. Siku moja ukaniambia, "Wanjiku, unasoma Zaburi kama mtu anayetwanga mahindi." Mimi na mvi zangu nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nani atanichokoza hivyo sasa?

Sikiliza. Mwenzako wa matimbo alikwenda kwenu, akarudi na salamu za mama yako: "Mwambie yule mke wa mwanangu, kaburi limeota nyasi. Mbona haji kupalilia?"

Mke wa mwanangu. Kanisa halikusema, baba hakusema. Amesema mama ambaye hajawahi hata kuniona.

Pasi zimeanza kutolewa, nikaenda kuomba yangu. Karani akauliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia, kwa mama mkwe. Hakuinua hata macho. Akaandika.

Kwaheri kwa sasa, mume wangu. Nakuahidi nyasi hizo nitazing'oa kwa mikono yangu, na mama yako akiniuliza kama moyo umepoa, sitamdanganya. Bado ni mchungu. Nitakuja nao hivyo hivyo.

Mkeo,
Wanjiku