Kaya ya Mdadisi

Miteja, 3 Oktoba 2023

Mama Hamida mke wangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, watoto hawajambo, korosho zimeanza kudondoka na mgongo wangu nao ndiyo hivyo. Sijui wewe huko Songo Mnara.

Nimeandika barua kwa makusudi. Kila nikikupigia simu nasikia kicheko nyuma yako, na sasa nakitambua: ni cha Josephat, msimamizi wenu. Barua utaisoma peke yako.

Tangu upate hiyo kazi ya udadisi wa takwimu za kaya, unaingia nyumba za watu unawauliza wanaume wenye wake zao kama wamekula, kama wameridhika na maisha. Waridhike wasiridhike, wewe inakuhusu nini? Mimi hujawahi kuniuliza. Wivu ninao, sikufichi. Anayesema hana wivu huyo hana mke.

Ni mimi mumeo,
Baba Hamida

*

Songo Mnara, 9 Oktoba 2023

Baba Hamida,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, ila jua limenibabua na miguu imevimba kwa kutembea kwenye tope. Wasalimie watoto.

Umenichekesha. Josephat anacheka na kila mtu, hata na mbuzi. Anasema nina kipaji: mtu akinyamaza, mimi nasubiri, mwisho anasema. Jana bibi mmoja aliniambia tangu azaliwe hajaulizwa anapenda kula nini. Nikajifikiria mimi. Tangu unioe, swali lako kwangu ni moja tu: "Chakula tayari?"

Jumatatu ijayo timu inakuja Miteja. Nyumba zinachaguliwa kwa bahati nasibu. Huenda nawe ukaulizwa, roho yako itulie.

Mkeo,
Mama Hamida

*

Miteja, 17 Oktoba 2023

Mwanaasha,

Salamu sina, na afya yangu usiiulize.

Jana nilinyoa ndevu. Nilinunua samaki, nikapika mwenyewe. Gari likasimama, wakashuka watu wote ila wewe. Nikamvuta pembeni dereva wenu, Klementi. Akasema, "Mwanaasha alipangiwa huku, akakataa mwenyewe. Kabaki kule na msimamizi." Kumbe Miteja ndiyo imekushinda! Utamu uko kisiwani.

Na nyumba yetu ilichaguliwa. Binti mmoja, Getrude, alinihoji na kishikwambi chake. Nimemjibu nilivyoona inafaa. Simu nimezima. Kaa huko huko.

Alfani

*

Kilwa Masoko, 4 Novemba 2023

Baba Hamida,

Assalaam alaykum. Watoto nimesikia kwa dada yako kuwa wazima, alhamdulillah. Nilinyamaza kwa sababu kila nikishika kalamu hasira ilinipanda.

Getrude hakutaja jina, haturuhusiwi, wala hajui kuwa wewe ni wangu. Alitusimulia tu wakati wa kula, timu zote tulipokutana hapa Masoko. Kuna mwanamume Miteja, Getrude alipomuuliza kaya yake ni nani, yaani nani anakula nao chungu kimoja, alijibu: "Mimi na watoto. Mke sina." Halafu kila swali akawa anamtaja huyohuyo mke ambaye hana. Nani anapika? "Alikuwa yeye." Mtoto akiugua? "Yeye ndiye anajua dawa." Alipoulizwa kama ameridhika na maisha, aliinuka kwenda kugeuza korosho juani, na zilikuwa zimeshakauka. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Sasa sikiliza. Mdadisi hahoji kijijini kwake, kanuni inakataza. Josephat hakujua ninakoishi. Aliponipangia Miteja nilimwambia mbele ya wote, "Kule siwezi, kule ni kwangu." Ningekueleza, ukazima simu. Mimi nasema kule ni kwangu, nawe wiki hiyohiyo unasema huna mke!

Nimeombwa niende na awamu ya Nachingwea. Jibu linatakiwa Ijumaa. Kwa hiyo leo nakuuliza wewe: kwenye chungu chako nipo, au sipo?

Mkeo, kama bado,
Mwanaasha

*

Miteja, 6 Novemba 2023

Mama Hamida mke wangu,

Assalaam alaykum. Watoto wazima. Mimi siyo sana.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikamwambia Hussen wa bodaboda anipeleke Tingi, walikohamia kina Getrude. Nilimwomba arudi kwenye lile swali, aniandikie mke. Akaniangalia. "Baba, majibu yalishatumwa. Hayafunguki tena." Nilimsihi mpaka watu wakaanza kutuangalia. Hata yeye hawezi.

Basi huko yalikokwenda nitabaki sina mke, nami ndiye niliyesema. Waache wao wajue hivyo. Wewe usijue hivyo. Upo, Mwanaasha. Siku ile nilipokukana ulikuwepo kuliko mimi.

Nachingwea, kama roho yako inataka, nenda. Neno hilo limeniuma kuliandika. Ila Josephat akikaa mbele garini, wewe kaa nyuma na Getrude, na akicheka usicheke naye sana.

Nami nina maswali. Miguu imepungua uvimbe? Na wewe unapenda kula nini? Miaka yote hii napewa sahani na sijui. Jibu kabla ya Ijumaa au baada ya Ijumaa, nitakuwa nasubiri.

Mumeo,
Baba Hamida