Udongo wa Baba Umekauka

Jumatatu, 3 Machi
Chai, basi la Katuba, chaki hadi kwenye nywele. Darasa la tano la sekondari, kemia, entropia tena. Niliangusha tone la wino katika glasi ya maji. Likasambaa. Nikawaambia: hii ni spontané, inajiendea yenyewe, na wino haurudi kuwa tone. Wakapiga makofi, wajinga wangu. Nyumbani baba amekataa uji.

Jumatano, 5 Machi
Baba ameomba pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Anataka kumpaka Kalenga, mdogo wangu, kwenye paji la uso ili neno lake lifutike. Miaka sita iliyopita Kalenga aliacha shule akaenda kuchimba madini huko Kambove. Baba, aliyemaliza mapafu yake mgodini, alimwambia: usirudi. Sasa anajuta. Nikashika simu nimwite. Baba akawaka.

"Mutoto njo anakuyaka kwa baba. Baba hamuitake. Atakuya yee mwenyewe."

Mtoto ndiye huja kwa baba, haitwi; nikairudisha simu mfukoni. Na mimi nina kiburi. Nilitaka Kalenga aje bila kusukumwa.

Ijumaa, 7 Machi
Somo: spontané si haraka. Makaa hukaa guniani mwaka mzima, hewa imeyazunguka, na hayawaki mpaka uyapelekee moto. Nimefundisha vizuri, najisifu.

Godelive wa benchi la nyuma akauliza: "Madame, ile yenye haiko spontanée, haiwezekane kabisa?"

Nikajibu: inawezekana, mtu akitoa nguvu kutoka nje. Nikafuta ubao nikaenda zangu.

Pemba iko kwenye kisahani kando ya kitanda. Baba huilowesha kila asubuhi isikauke.

Jumapili, 9 Machi
Hakuna aliyekuja. Kila mlango ukilia baba anageuza kichwa. Leo hakuweza kulowesha udongo. Nimelowesha mimi. Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Baba amefariki alfajiri.

Nikampigia Kalenga. Simu ililia mara mbili, akapokea. Saa tano alikuwa mlangoni, viatu vimejaa tope jekundu.

"Nilikuwa nangojea aniite, yaya. Miaka yote," akaniambia mimi dada yake.

Mmoja Kambove anangoja aitwe, mwingine kitandani anangoja ajiwe, na mwalimu wa kemia katikati na simu mfukoni. Ninajichukia.

Jumatatu, 17 Machi
Matanga yamekwisha. Viti vya kukodi vimerudishwa. Nimerudi darasani. Nilimwomba Godelive aulize tena swali lake. Nikalijibu polepole, kisha nikaweka chaki chini.

Jioni Kalenga alichukua kisahani cha pemba kando ya kitanda cha baba. Udongo umepasuka. Akaniomba nimpake mimi. Nikakataa, mkono wa kupaka baraka ni wa mzazi. Alitia maji hata hivyo, akakoroga kwa kidole, akaweka kisahani magotini. Nikakaa naye. Tuliutazama udongo mpaka ukakauka tena.