Mfumo Umezimika, Bosi Anataka Niandike Umefaulu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumatatu, maana mimi ni karani mpya wa hospitali na nimepewa kupima mfumo wa kusajili wagonjwa kwa programu inayojifanya umati wa watu wanaofungua mafaili kwa pamoja, ambayo mkuu wa kitengo aliiandika mwenyewe, akaamua namba ya mzunguko, yaani mara ya ngapi mgonjwa wa bandia anaomba faili, ndiyo iwe namba ya faili, mzunguko wa kwanza faili la kwanza, wa pili la pili, na mfumo ukafaulu kwa mbio, watu wakapiga makofi, lakini mimi nikaona kwamba kila mgonjwa wa bandia anaanza kuhesabu upya kutoka moja, kwa hiyo umati mzima unaomba faili lile lile na mfumo una jibu tayari mdomoni, basi nikampa kila mmoja mahali pake pa kuanzia, na mfumo ukazimika hata chai haijapoa.

Mkuu akacheka. "We dogo, umekuja kazini au kunitia aibu? Rudisha ilivyokuwa, uweke sahihi kwenye fomu ya kuupitisha, Jumatatu tunafungua."

"Siweki, bosi," nikasema, magoti yakigongana. Mama ananiambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Mimi sitaki kuubusu. Je, nimekosa?

Karani Mwoga

Karani, hilo la mwoga nani kakubandika? Mwoga angeshaweka sahihi. Mama yako anakupenda, msikilize kwa mengine yote. Kwa hili, hapana. Mfumo ukizimika Jumatatu, atakayesimama dirishani na mtoto anayechemka homa si wa bandia, na watakapouliza nani aliupitisha, bosi wako atakuonyesha kwa kidole.

Ila nawe umenikera. Ushahidi unao, halafu unaniandikia mimi kabla hujamwandikia mganga mkuu wa hospitali! Mimi ndiye nitakayeusimamisha mfumo?

Leo hii mwambie bosi wako, kwa heshima, mlango ukiwa wazi: "Kesho naendesha majaribio yote mawili mbele ya mganga mkuu. Karibu, ubonyeze mwenyewe." Usimtukane, usimcheke, usieleze sana. Acha skrini iseme. Akikufukuza, chukua koti lako na uende, huku ile fomu ikibaki tupu. Magoti yakigongana, yaache yagongane. Hayo hayaweki sahihi.